Uliwauliza Lini?

Mwaka wa tatu wa shahada yangu ya saikolojia nilishuka stendi ya Bagamoyo nikiwa na begi lenye nakala 60 za karatasi moja, kalamu nne, na barua iliyogongwa mihuri mpaka ikakosa nafasi. Barua ile ilianzia chuoni Dar es Salaam, ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani kule Kibaha, ikashuka wilayani, ikaenda kwa mtendaji wa kata, ikaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee aliyeisoma taratibu hadi mstari wa mwisho kisha akavua miwani.

"Sasa wewe ni daktari?"

"Hapana mzee. Ni mwanafunzi, nasoma saikolojia."

"Ya Mirembe?"

Kwa wengi wetu saikolojia ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na hakuna kingine. Nikamweleza kwamba nataka kuzungumza na kina mama wanaokaanga samaki na kukausha dagaa pale ufukweni, kuhusu mawazo yao. Neno "mawazo" lilimtosha. "Mawazo wanayo," akasema, akagonga muhuri wake kwenye kona iliyobaki. "Ila usiwapotezee muda. Wale wana kazi."

Utafiti wangu ulikuwa mdogo, kama zilivyo tafiti nyingi za shahada ya kwanza. Nilitaka kujua kama wanawake wa pale walio kwenye kikoba wana msongo wa mawazo pungufu kuliko wenzao wasio na kikoba. Wazo lenyewe nililitoa nyumbani. Mimi ni mtu wa Njombe, na mama yangu amekuwa mwanakikoba tangu nikiwa sekondari. Nimekulia karibu na lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu. Nimeona kina mama wakinunua hisa kila wiki, wakikopeshana ada za watoto, na mfuko wa jamii ukifunguliwa usiku wa manane siku baba yetu mdogo alipofariki. Jibu nilikuwa nalo tangu Njombe. Bagamoyo nilikwenda kulitafutia namba, na leo najua kwamba hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Karatasi yenyewe ilikuwa na maswali tisa. Wenye taaluma wanayaita PHQ-9. Yalitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na taarifa ya kuyapima ilichapishwa mwaka 2001. Yanauliza habari za wiki mbili zilizopita: usingizi ulikuwaje, uchovu, hamu ya kula, kukata tamaa, kujiona huna maana. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na anayefikisha 10 anastahili kuangaliwa kwa makini kama ana sonona. Ni chombo kizuri na sitasema neno baya juu yake. Hakiuzwi, hujazwa kwa dakika chache, na kimetumika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Mimi ndiye niliyekishika vibaya.

Tafsiri za Kiswahili zilikuwepo, lakini nilitaka kutengeneza ya kwangu, kwa sababu darasani tulikuwa tumefundishwa njia ya tafsiri ya kurudi ambayo Richard Brislin aliieleza mwaka 1970: mmoja anatafsiri kutoka Kiingereza, mwingine ambaye hajaona maswali ya awali anarudisha kwenye Kiingereza, kisha mnalinganisha. Mwenzangu wa chumbani akarudisha. Tukalinganisha, tukakuta yanafanana karibu neno kwa neno, tukafurahi. Hatukufikiria kwamba sisi wawili tulikuwa na Kiswahili cha aina moja, cha darasani na cha maktaba. Tulikuwa tumethibitisha kwamba mwanafunzi anaelewana na mwanafunzi.

Soko la samaki la Bagamoyo liko ufukweni kabisa, jirani na jengo la forodha la enzi za Wajerumani. Saa mbili asubuhi moshi wa kuni unakuwa umeshatanda. Mwanamke anakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya karai kubwa jeusi, mafuta yanachemka, mkono mmoja unageuza vibua na mwingine unafukuza moshi au kuhesabu chenji. Hakuna dakika ya kukaa na mtu mwenye kalamu. Nikajifunza kuuliza nikiwa nimechuchumaa upande usio na moshi, nikingoja mteja aondoke ndipo niendelee na swali.

Swali la kwanza la ile karatasi, kwa maneno yangu, liliuliza kama mtu amepungukiwa na "hamu au raha ya kufanya mambo." Mama wa kwanza niliyemuuliza alivuta ushungi akafunika mdomo, akageukia pembeni. Wenzake wawili waliokuwa karibu wakanyamaza. Nilikuwa nimemuuliza mwanamke wa rika la mama yangu, mbele ya majirani zake, jambo la chumbani. Kwenye Kiingereza lile ni swali la kawaida kabisa. Mwenzangu alipolirudisha lilirudi safi. Pale mbele ya karai lilikuwa tusi, na nililiona usoni mwake kabla sijamaliza sentensi.

Fomu ya ridhaa nayo ikakwama. Kanuni za utafiti zinataka mtu aelezwe, akubali kwa hiari yake, kisha atie saini. Mama mmoja aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja kilichojaa magamba ya samaki. "Mwanangu, saini yangu ya mwisho niliiweka kwenye kausha damu. Wakaja wakabeba friji." Wasomaji wa Tanzania wanaijua hiyo mikopo ya mitaani na riba yake. Nilikuwa nimekuja na saini kama ulinzi kwake. Kwake saini ilikuwa mlango wa kuingilia mwizi. Msimamizi wangu aliponiambia kwa simu kwamba ridhaa ya mdomo inakubalika mbele ya shahidi, na kwamba atairekebisha kwenye maombi yetu ya maadili, ndipo kazi ikaendelea.

Nikarudi chuoni na daftari limejaa masahihisho. Nikaenda tena wiki iliyofuata, nikakaa siku nzima bila kuuliza swali hata moja la kwenye karatasi. Nilimuomba bibi mmoja muuza dagaa, ambaye hapa nitamwita Bi Mkubwa, anisaidie kuyasema upya. Alikuwa na umri wa bibi yangu, na kila nilipomwamkia aliitikia marahaba yake bila kuinua macho kwenye kazi. Swali la hamu likawa: "Kazi na mambo uliyokuwa ukiyapenda, moyo umeyachoka?" Swali la kushindwa kutuliza akili, ambalo kwa Kiingereza linatolea mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni, likawa linahusu kupoteza hesabu ya chenji ya mteja. Swali la hamu ya kula lilimfanya atabasamu kwa huruma: anayekaanga tangu alfajiri hashibi chakula, hushiba moshi. Tukakubaliana nimuulize mtu habari za mlo wa usiku, akiwa nyumbani kwake.

Kisha tukafika kwenye "wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili ndiyo lini?" akaniuliza. "Sema tangu bamvua lililopita."

Sisi wa bara hatukui na bamvua. Ni yale maji makubwa yanayojaa na kutoka kupita kiasi, na huja mara mbili kila mwezi: mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu. Katikati yake yanakuwa maji mafu. Toka bamvua moja hadi jingine ni siku 14 au 15. Nilifurahi mno. Watu wa Marekani walitaka wiki mbili, na bahari ilikuwa na wiki mbili zake tayari. Nikaandika "tangu bamvua lililopita" kwenye kila swali, nikachapa upya, nikarudi kazini. Niliuandika mwezi kwenye karatasi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikujiuliza mwezi unafanya nini kwa hao watu.

Nilianza na wanakikoba, kwa kuwa walikuwa rahisi kuwapata. Siku ya kikao wote wapo, na mwenyekiti wao aliniruhusu nimuulize kila mmoja pembeni baada ya kununua hisa. Nikawamaliza kwa siku chache. Kisha fedha zikaniishia. Nikarudi Dar es Salaam kungoja bumu, kama tunavyoiita fedha ya mkopo wa elimu ya juu, na ilipoingia nikaenda kumalizia wale wasio na kikoba, mmoja mmoja kwenye makarai yao. Kwa jumla nilipata kina mama 48.

Usiku nilipoingiza namba kwenye kompyuta, programu ya SPSS ilinipa kile kila mwanafunzi anachokiombea. Wasio na kikoba walikuwa na alama za juu zaidi kwa tofauti kubwa, na ile thamani ya p, inayopima jinsi bahati tupu ingeweza kuzaa tofauti kama hiyo, ilikuwa chini kabisa ya 0.05. Nilimpigia mama Njombe usiku uleule kumwambia kwamba kikoba chake ni dawa.

Nilikuwa nimewaahidi kina mama kwamba nitarudi kuwaambia nilichokiona. Waliniuliza siku ya kwanza hii karatasi itawasaidia nini, na sikuwa na jibu jingine la kweli. Nikaenda kwanza kwa Bi Mkubwa. Nilimkuta anageuza dagaa waliotandazwa juu ya nyavu chakavu, ameinama, akiokota waliovunjika na kuwatenga. Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Wale wa kikoba uliwauliza lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi, bibi."

"Na sisi?"

"Wiki mbili baadaye."

Akanyooka mgongo. "Wale uliwauliza kwenye giza, mwanangu. Sisi ulitukuta kwenye mbalamwezi. Ungetuuliza sisi kwenye giza na wao kwenye mbalamwezi, karatasi yako ingesema kikoba kinaleta mawazo."

Nitaeleza kwa asiyejua, kama Bi Mkubwa alivyonieleza mimi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mashua hutoka usiku, huwasha taa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, wavu unazungushwa. Taa inafanya kazi pale tu usiku ni mweusi. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, dagaa hutawanyika, na mashua nyingi hukaa ufukweni. Kwa hiyo kila mwezi una siku za giza zenye fedha, na siku za mbalamwezi ambazo wanawake hukopa unga dukani. Usingizi wao, uchovu wao, chakula chao cha usiku, vyote hupanda na kushuka kwa mpigo huo. Mimi nilikuwa nimepima mpigo huo, nikauita kikoba.

Darasani jambo hili lina jina, na nililifaulu kwenye mtihani: kigezo cha tatu kinachojificha nyuma ya viwili unavyovichunguza. Nilijua kulichora ubaoni kwa mishale. Bi Mkubwa aliyeishia darasa la nne alilitambua mara moja, na hapohapo akataja dawa yake, yaani kubadilishana zamu ili kila kundi lipimwe katika hali zote mbili. Mpaka leo sijaona maelezo mafupi na sahihi kuliko yale.

Zilibaki wiki tano kukabidhi ripoti. Bwenini wenzangu wengi waliona sina tatizo. Namba ninazo, tofauti ipo, msimamizi hajui habari za mwezi. Mmoja alisema kwa nia njema kabisa: "Andika tu. Nani atakwenda Bagamoyo kuhakiki?" Na kweli hakuna ambaye angekwenda. Kupika data si siri katika vyuo vyetu. Zipo ripoti zilizojazwa chumbani usiku mmoja, dodoso mia kwa kalamu tatu za rangi tofauti, na zipo steshenari zinazomuandikia mwanafunzi utafiti mzima kwa bei ya makubaliano. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza. Mwanafunzi ana miezi michache na nauli ya kuunga, msimamizi ana wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kusoma kazi zao, na wote wanajua kwamba ripoti itakwenda kabatini. Hali hiyo inaeleza kwa nini watu wanapika. Haiwapi ruhusa.

Na usidhani ni ugonjwa wa vyuo masikini. Mwaka 2015 watafiti 270, wakiratibiwa na Brian Nosek wa Chuo Kikuu cha Virginia, walitoa majibu ya kazi ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida yenye heshima. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetoa ile tofauti inayovuka mstari wa p. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizovuka tena. Hilo halina maana kwamba watafiti wa awali walipika. Mtu anaweza kupima jambo moja akaliita jina la jingine, au akaisadiki namba ya mara ya kwanza kwa sababu ilisema alichotaka kusikia. Nilipoisoma taarifa ile niliwaona watu wenye maabara na ruzuku wakisimama pale pale niliposimama mimi usiku ule nikimpigia mama simu.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Nikamwambia yote: giza, mbalamwezi, Bi Mkubwa. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Giza linalofuata linaanza tarehe ngapi?"

Alinisimulia siku ile habari za Mary Ainsworth, ambaye jina lake tulikuwa tumelikariri kwa ajili ya nadharia ya mtoto na mlezi wake bila kujua kazi ile ilianzia wapi. Ilianzia Uganda. Mwaka 1954 na 1955, akiwa na ofisi kwenye taasisi ya utafiti pale Makerere, Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akizitembelea familia 26 za Waganda. Alikwenda na mkalimani, akakaa sebuleni saa kadhaa, akaondoka, na baada ya wiki mbili akarudi. Akaendelea kurudi hivyo kwa miezi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. "Wewe umekwenda mara moja kwa kila mtu," msimamizi akaniambia. "Rudi."

Akanitajia na Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia miaka mingi. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1979 aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia waliwapita. Kwa udongo walikuwa sawa. Mimi nimetengeneza vigari vya waya utotoni, na aliyesoma hadi hapa huenda naye ametengeneza. Utafiti ule niliuelewa kwa vidole. Mtoto anaonekana hodari au mzito kutegemea umempa nini mkononi, na mwanamke wa Bagamoyo anaonekana ana sonona au hana kutegemea umemkuta mwezi ukiwa wapi.

Nikakopa nauli kwa dada yangu, nikarudi. Safari hii wasio na kikoba niliwauliza kwenye giza, na wanakikoba kwenye mbalamwezi. Sikuwapata wote 48. Wengine walikuwa wamesafiri na wawili walikataa, na ni haki yao. Waliobaki walitosha kuonyesha mambo. Alama za makundi yote mawili zilipanda kwenye mbalamwezi na kushuka kwenye giza. Tofauti ya kikoba na wasio na kikoba ilinywea mpaka nisingeweza kuitofautisha na bahati. Dawa ya mama yangu ikaondoka kwenye ripoti.

Kuna jambo nimelichelewesha kwa sababu si rahisi kuliandika. Swali la tisa la karatasi ile linauliza kama mtu amekuwa akifikiri kwamba afadhali angekufa au ajidhuru. Mimi nilikuwa nimelichukulia kama mstari wa mwisho kabla ya kukunja karatasi. Kina mama wengi walijibu haraka, "Astaghfirullah, hapana," nami nikaandika 0 nikaendelea.

Katika ile mbalamwezi ya kwanza, mama mmoja wa miaka thelathini na kitu alikuwa amekaa mbele ya karai lililopoa. Hakukuwa na samaki wa kukaanga siku ile. Alikuwa anakwangua masizi kwa kipande cha bati. Nilipofika swali la tisa hakuacha kukwangua.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Karibu kila siku."

Nikaandika 3. Mkono wangu uliandika 3 kabla mimi sijaelewa nilichosikia. Nikakaa nimeshika kalamu, na sikuwa na kitu chochote cha kumpa: sina ushauri, sina namba ya simu, sijui hospitali ya wilaya iko mtaa gani. Nilikuwa nimemfungua mtu kidonda nikiwa na rula ya kukipimia tu.

Nikaiweka karatasi chini. Nikamwomba nikae naye, akakubali. Nikampigia msimamizi, ambaye aliacha kikao akaongea nami muda mrefu. Aliniagiza nisimwache peke yake, nimuulize kwa utulivu nyumbani anaishi na nani na anamwamini nani. Akamtaja wifi yake, aliyekuwa akiuza pweza hatua chache kutoka pale. Tukamwita. Wifi alipoambiwa alimshika mkono akasema, "Mbona hukuniambia?" Na yule mama akajibu neno ambalo sijalisahau: "Hakuna aliyeniuliza." Deni la kausha damu lilikuwa limefika mahali alipoona mlango mmoja tu. Tena katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mtu hasemi jambo kama hilo kwa sauti kubwa. Asubuhi iliyofuata wawili hao walikwenda hospitali ya wilaya, kwa muuguzi wa afya ya akili. Mimi niliwasindikiza mpaka getini. Yupo, anakaanga, na ameniruhusu kusimulia haya bila jina lake.

Baadaye nilisoma kazi ya Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, nikaona nilichokikosa. Mwaka 2006 alianza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Jaribio la benchi hilo lililohusisha wagonjwa 573 katika kliniki 24 lilichapishwa mwaka 2016, na waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Pale mtu anaulizwa akiwa tayari amekaa kwenye benchi la msaada. Mimi niliuliza bila benchi.

Sasa nami nasimamia wanafunzi, na katika jambo hili sina subira. Mwanafunzi akiniletea pendekezo lenye swali kama lile la tisa, siligusi kwa kalamu mpaka anitajie jina la muuguzi aliyezungumza naye na anieleze njia ya kufika kwake kutoka mahali atakapokusanyia data. Wengine huniona mkali. Nawaomba wasimamizi wenzangu wawe wakali hivyo hivyo, na wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda uwandani mwezi ujao, kama msimamizi wako hakuulizi, jiulize mwenyewe kabla hujapanda gari.

Siku ya kuwasilisha ripoti, mmoja wa waliokaa mezani alifunga nakala yake akasema kwamba kwa kifupi sikupata kitu. Nilipewa alama ya kawaida. Nilisikitika wiki nzima, sitaficha. Lakini ile ni kazi pekee ya chuo ambayo ningeweza kuisoma mbele ya watu inaowahusu bila kuogopa kusahihishwa, na ndivyo nilivyofanya.

Nilikwenda Bagamoyo kwenye mbalamwezi, kwa sababu siku za giza hawana nafasi. Tulikaa chini ya mkungu karibu na soko, wanakikoba na wasio wanakikoba pamoja. Niliwaeleza kwamba kikoba, kwa jinsi nilivyopima, hakikuonekana kupunguza mawazo, na kwamba mwezi ulionekana wazi kwa wote. Mweka hazina alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliuliza kwa nini basi wao wenyewe wanadaiana marejesho ya mkopo kila wiki, giza na mbalamwezi, kana kwamba fedha inaingia sawasawa. Wakabishana muda mrefu, nikasikiliza tu. Katika kikao kilichofuata walibadilisha katiba yao. Tangu hapo marejesho ya mkopo katika kikoba kile hulipwa kwenye giza.